Bwana Bond Alikuwa Nani?

Somo: Mithali 22:1, Malaki 1:6-14, Wakolosai 3:22-24

Tukiendelea na mafundisho yetu juu ya roho bora iliyokuwa ndani ya Danieli, wiki hii tunaangalia maisha ya mtu ambaye jina lake limetajwa huku Kericho na Bomet kuliko la gavana yeyote. Baba zetu walipoulizwa wanafanya kazi wapi, wengi walijibu Brooke Bond. Kuna washirika hapa waliozaliwa kwenye nyumba za kampuni na kusoma shule za kampuni, na ada yao ya sekondari ilitoka kwenye kikapu cha mama aliyechuna chai kwenye mvua. Jina tumelibeba miaka mingi. Lakini Brooke alikuwa nani? Na huyo Bond je?

Arthur Brooke alizaliwa mwaka 1845 huko Ashton-under-Lyne, mji mdogo karibu na Manchester, kaskazini mwa Uingereza. Baba yake alikuwa mfanyabiashara wa chai. Sehemu hiyo watu waliishi kwa viwanda vya pamba. Arthur akiwa kijana, vita vya wenyewe kwa wenyewe vilizuka Marekani kuanzia 1861 hadi 1865, pamba ikakosa kufika, viwanda vikafungwa, na maelfu ya familia zikalala njaa. Kwa hivyo usidhani alikulia mahali pa raha. Aliona kwa macho yake jinsi kazi ya watu wengi inavyoweza kuisha ghafla.

Mwaka 1869, akiwa na miaka 24 tu, alifungua duka lake Manchester, katika barabara ya Market Street. Aliuza vitu vitatu: chai, kahawa na sukari. Basi. Hakuweka sabuni kona hii na misumari kona ile kwa sababu jirani anauza misumari. Alichagua kitu kidogo, akaamua kukijua kuliko mtu mwingine yeyote.

Sasa juu ya mlango akaandika Brooke, Bond na Kampuni. Wateja wakadhani kuna mabwana wawili. Wapendwa, Bwana Bond hakuwahi kuwepo! Hakuna aliyemwona, hakuzaliwa, hakuzikwa. Arthur alilipenda jina hilo kwa vile lilisikika vizuri pamoja na lake. Na kwa Kiingereza neno hilo lina maana ya dhamana, yaani ahadi inayomfunga mtu. Imekuwa ikisimuliwa tangu zamani kwamba hiyo ndiyo ilikuwa ahadi yake kwa mteja: jina langu ni Brooke, na hii ni dhamana yangu kwamba chai unayonunua ni nzuri.

Unaweza kuuliza, kwani chai inahitaji ahadi? Ndiyo, wakati huo ilihitaji sana. Uingereza ya siku zile ilijaa chai ya uongo. Kuna watu waliokusanya majani yaliyokwisha kupikwa, wakayakausha, wakayauza tena. Wengine walichanganya majani ya miti ya kawaida, wakayatia rangi, na rangi nyingine zilikuwa sumu. Bunge lao lililazimika kutunga sheria za vyakula, na ile kali zaidi ilitoka mwaka 1875. Yaani serikali ilibidi iwatishe wafanyabiashara ndio wauze kitu halisi. Mchezo ulikuwa huo, na kila mtu alikuwa na sababu ya kusema, mbona wote wanafanya?

Hapo ndipo watu hutofautiana. Mtu wa kawaida huuliza, wengine wanafanyaje? Mwenye roho bora huuliza, hii kazi ingefaa kufanywaje? Brooke alichanganya chai zake kwa makini ili ladha ya leo iwe ladha ya mwezi ujao, akazifunga kwenye pakiti. Mama aliyependa chai aliyonunua Januari aliikuta ileile Juni. Jambo hilo linaonekana dogo, lakini ndilo gumu kuliko yote katika biashara. Kufanya vizuri siku ya ufunguzi, pasta akiwepo kuombea duka, kila mtu anaweza. Kufanya vizuri Jumanne ya kawaida, mvua inanyesha na umechoka, hiyo ni tabia.

Biashara ikakua. Akafungua maduka katika miji mingine ya kaskazini, na kufikia 1872 alikuwa ameingia London. Baadaye aliona njia bora ni kuwauzia wenye maduka wengine pakiti zake, ili chai yake ifike mahali yeye hawezi kusimama. Mwaka 1892 biashara ikasajiliwa kuwa kampuni yenye hisa. Mwaka 1903 ilikuwa inauza chai ya pakiti India. Mwaka 1910 mwanawe Gerald alishika uenyekiti, na mwaka 1918 Arthur Brooke akafariki. Hakuwahi kujua kwamba jina lake litaandikwa kwenye malango huku kwetu. Kampuni ilifika Kericho katikati ya miaka ya 1920, yeye akiwa kaburini tayari. Mwaka 1984 ilinunuliwa na Unilever, na tangu hapo mashamba yamebadilisha majina na wenyewe. Lakini mzee wa miaka 80 ukimuuliza, bado atakuambia Brooke Bond.

Hapa lazima tuseme ukweli, kwa sababu kanisa halijengwi kwa hadithi za kupendeza tu. Ardhi ambayo chai ile ilipandwa haikuwa tupu. Ilikuwa ya Wakipsigis. Serikali ya kikoloni iliichukua, na baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia ikawatengea maofisa Waingereza waliojeruhiwa vitani kama ekari 25,000 hapa Kericho walime kitani. Bei ya kitani ikaanguka, mpango ukafa, na kampuni za chai zikaingia. Mwaka 1934 ikatungwa sheria ya kuwaondoa jamii ya Talai, wakapelekwa Gwassi, na wengi walifia huko. Tunamjua Mungu aliyemuuliza Ahabu juu ya shamba la Nabothi. Chai nzuri haisafishi shamba lililochukuliwa kwa nguvu, na kilio cha ardhi ile hakijanyamaza mpaka leo. Kwa hivyo tunachukua kwa Arthur Brooke kile kilicho chema, namna alivyosimama nyuma ya jina lake dukani. Hatuchukui zaidi ya hapo. Ubora bila haki ni nusu ya kazi.

Lakini sikiliza upande wa pili. Wakati wa ukoloni, kwa miaka mingi Mwafrika hakuruhusiwa kupanda chai. Sababu iliyotolewa ni kwamba ataharibu ubora. KTDA ilipoanzishwa mwaka 1964, wakubwa wengi bado waliamini mkulima mdogo mwenye nusu ekari hawezi kutoa chai ya kuuzwa duniani. Baba na mama zetu waliwajibu vipi? Hawakujibu kwa mdomo. Walichuna majani mawili na chipukizi. Walikubali karani akague majani kituoni kabla ya kupima, na akirudisha gunia walirudi nyumbani wakachagua upya. Baada ya miaka, chai ya wakulima wadogo wa Kenya ikawa inashika bei za juu London. Walioitwa wa hali ya chini walishinda kwa ubora. Huo ni ushuhuda wetu, na hakuna wa kutunyang'anya.

Sasa swali la wiki hii, mpendwa. Ushuhuda huo bado uko hai kwako?

Kila mwaka bonasi ikitangazwa, tunalinganisha na wenzetu wa mashariki ya Bonde la Ufa na moyo unauma. Kuna maswali ya haki ya kuwauliza wanaosimamia viwanda na masoko, na tuyaulize bila woga. Lakini kuna sehemu iliyo mikononi mwetu. Ukificha majani magumu chini ya gunia na laini juu, nani unamdanganya? Karani anaweza kupitwa. Ukishindilia gunia mpaka majani yanapata joto njiani, kiwanda hakiwezi kuyafufua. Kwenye mnada wa Mombasa, mwonjaji hajui jina lako, hajui kama umeokoka au unaimba kwaya. Anachojua ni kikombe kilicho mbele yake.

Malaki alizungumza na watu waliopeleka madhabahuni mnyama kipofu na kilema, wakabaki na mzima nyumbani. Nabii akawaambia wampelekee gavana wao zawadi ya namna hiyo waone kama atawapokea. Sisi hatupeleki tena ng'ombe madhabahuni. Paulo aliwaandikia Wakolosai kwamba kazi yenyewe tunamfanyia Bwana. Basi gunia lako ni sadaka. Maziwa yako ni sadaka. Ukiongeza maji, umeongeza maji kwenye sadaka. Fundi anayeahidi nguo Alhamisi na kuitoa Jumanne ya wiki nyingine, mwenye boda boda anayepanda na breki mbovu, mwenye hoteli anayerudia mafuta mpaka yanakuwa meusi, wote wana kitu cha kuweka mezani mbele za Mungu wiki hii.

Na tusikimbilie kusema sina mtaji. Roho bora haianzi na mtaji. Mama mboga anayepanga sukuma wiki zake vizuri, anaondoa zilizooza, anakurudishia shilingi kumi uliyosahau, huyo ameanza. Brooke alianza na vitu vitatu. Wewe chagua kimoja.

Mambo matatu ya kufanya kabla ya Jumapili:

1. Andika ahadi moja ambayo mteja wako, au mwajiri wako, anaweza kukushika nayo. Iwe fupi. Kwa mfano, kipimo changu kimejaa, au nikisema saa mbili ni saa mbili.

2. Tafuta kitu kimoja unachokifanya ovyo kwa sababu kila mtu anakifanya ovyo. Kirekebishe, hata kama hakuna atakayeona.

3. Kama kuna mtu uliyemuuzia kitu kibaya ukijua, rudi kwake. Zakayo alirudi, na wokovu ukaingia nyumbani kwake siku hiyo.

Bwana Bond hakuwahi kuwepo, lakini ahadi iliyowekwa kwa jina lake ilimfanya duka la kijana mmoja lijulikane duniani. Sisi dhamana yetu yupo, yu hai, na jina lake tumeitwa nalo. Watu wa Litein, Sotik, Kapkatet na Silibwet wanapoona kazi yetu, wanalisoma jina hilo kama vile lilivyoandikwa juu ya mlango.

Tuombe: Baba, tusamehe kwa majani tuliyoficha chini ya gunia. Tupe mikono safi na roho bora. Waliodhulumiwa ardhi na jasho uwatetee. Jina lako lisitukanwe kwa sababu ya kazi yetu. Katika jina la Yesu, Amina.