IAN DONALD: DAKTARI ALIYETUFUNGULIA DIRISHA LA TUMBONI

Ukipita karibu na kiwanda cha chai cha Kebirigo au Nyansiongo, utaona moshi wa boila ukipanda juu. Nani angedhani kwamba kifaa cha kukagulia vyuma vya boila ndicho kilichozaa mashine ya skani wanayopimwa nayo mama zetu katika hospitali za Kisii na Nyamira? Aliyeleta maajabu hayo ni Profesa Ian Donald.

Donald alizaliwa Cornwall, Uingereza, mwaka wa 1910, katika ukoo wa madaktari wa Scotland. Alisoma Scotland na Afrika Kusini, kisha akahitimu udaktari mjini London mwaka wa 1937. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia alikuwa daktari wa jeshi la anga, akatunukiwa nishani kwa kuwaokoa watu kutoka kwa ndege iliyokuwa ikiwaka moto. Huko jeshini ndiko alikozoea mambo ya rada na mwangwi.

Mwaka wa 1954 alifanywa profesa wa ukunga mjini Glasgow. Mwaka uliofuata alibeba uvimbe uliotolewa kwa wagonjwa, akautia garini na kwenda nao hadi kiwanda cha maboila. Hapo mafundi walitumia sauti isiyosikika na masikio kutafuta nyufa ndani ya chuma. Kumbe hata nyama hurudisha mwangwi! Uvimbe mgumu ulitoa mwangwi tofauti na ule wenye maji.

Wenzake wengine walimcheka, lakini hakufa moyo. Akishirikiana na mhandisi Tom Brown na Daktari John MacVicar, alitengeneza mashine. Siku moja waliletewa mama aliyesemekana ana saratani isiyotibika. Mashine ikaonyesha ni uvimbe wa maji tu. Akapasuliwa, akapona! Mwaka wa 1958 walichapisha matokeo yao katika jarida la Lancet.

Jambo la kushangaza ni kwamba Donald mwenyewe alikuwa na ugonjwa wa moyo, akapasuliwa zaidi ya mara moja. Hata hivyo, katika idara yake, mwaka wa 1972, Daktari Hugh Robinson alionyesha kwamba moyo wa mtoto huweza kuonekana ukidunda mimba ikiwa na wiki 7 tu.

Leo mtaalamu huhesabu mapigo, ambayo kwa kawaida huwa kati ya 110 na 160 kwa dakika, na kati ya wiki ya 18 na 22 hukagua vyumba vinne vya moyo. Mkunga akitumia kile kipembe chake husikia mapigo, lakini haoni tundu lililomo moyoni. Ndiyo maana tangu 2016 Shirika la Afya Duniani hupendekeza mama apigwe skani kabla ya wiki ya 24. Anayengoja hadi mwezi wa nane hubaki na muda mfupi wa kupanga ajifungulie penye wataalamu. Basi tuwaambie dada na mama zetu waende kliniki mapema!

Profesa Donald aliaga dunia Juni 1987. Nasi wanafunzi tujue kwamba fizikia na baiolojia ni ndugu, na mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mungu ailaze roho yake mahali pema.