Philly Lutaaya: Mgonjwa Aliyekataa Kusimama Mbali



Jumapili iliyopita tulifundishwa kuhusu wale wakoma kumi wa Luka 17, waliosimama mbali wakapaza sauti. Mi nilirudi nyumbani na hilo neno "mbali". Mgonjwa husimama mbali. Saa zingine ni watu wamemsukuma, saa zingine amejisukuma mwenyewe. Ndio maana leo nawasimulia maisha ya mtu aliyekuwa na kila sababu ya kusimama mbali, akakataa. Jina lake ni Philly Bongoley Lutaaya.

Wengi wetu hapa Sarang'ombe tumemsikia bila kujua ni yeye. Kwenye ploti yetu Gatwekera kuna dada aliyetoka Uganda. Ikifika Desemba anafungua redio yake, nyimbo za Krismasi za Kiluganda zinajaa korido yote, mpaka watoto wanaoteka maji wanaziimba. Nyimbo hizo ni za Lutaaya. Aliziimba akiwa mbali na kwao, na mpaka leo Krismasi ya Uganda haijafika kama hazijasikika.

Lutaaya alizaliwa Uganda mwaka 1951. Hakuwa mchungaji wala mwinjilisti. Alikuwa mwanamuziki wa bendi, akapiga na bendi ya Cranes kule Kampala. Nchi yake ilipita miaka migumu, ya Idi Amin na ya vita vilivyofuata, na watu wengi walikimbia. Yeye mwanzoni mwa miaka ya 1980 alijikuta Stockholm, Sweden, kwenye baridi, kati ya Waganda wenzake waliokuwa uhamishoni. Huko ndiko alirekodi albamu ya Born in Africa, iliyompa jina kubwa nyumbani. Aliporudi Kampala kuimba, watu walimpokea kama mfalme.

Kisha akapimwa, akaambiwa ana virusi vya Ukimwi.

Wapendwa, vijana hamwezi kuelewa vile mambo yalikuwa wakati huo. Waganda waliuita ugonjwa huo Slim, kwa vile ulimkondesha mtu. Hapa Kenya mgonjwa wa kwanza alijulikana mwaka 1984, na serikali ilikuja kuutangaza kuwa janga la kitaifa mwaka 1999. Dawa hazikuwepo za kutosheleza. Kulikuwa na moja tu, ghali sana, na nguvu yake haikudumu. Ile tiba ya kuchanganya dawa, inayotuweka hai leo, ilikuja mwaka 1996. Kuambiwa una Ukimwi mwaka 1989 ilikuwa ni kuambiwa uandae jeneza. Familia zilificha. Kwenye matanga ilisemwa ni malaria, ni kifua, ni kurogwa.

Lutaaya angeweza kunyamaza Sweden. Nani angejua? Lakini mwaka huo wa 1989 alirudi Uganda, akasimama mbele ya watu akasema kwamba anao. Alikuwa mtu mashuhuri wa kwanza nchini humo kufanya hivyo.

Mnadhani alipigiwa makofi? Wengi hawakumwamini. Alikuwa bado na mwili mzuri, anatembea, anaimba. Wakasema ametumwa, wakasema ni mbinu ya kuuza kanda. Hapo ndipo huyu mtu ananigusa. Alikuwa ametoa siri iliyo nzito kuliko zote, na watu wakaigeuza kuwa porojo. Mimi ningerudi nyumbani nijifungie. Yeye aliendelea. Alienda shule, alienda makanisa, akisimama mbele ya wanafunzi na waumini, akiwaonya wajilinde na akiwaomba wasiwatupe wagonjwa. Akatunga wimbo, Alone and Frightened, unaotaja upweke na hofu kwenye jina lake lenyewe. Hakujifanya shujaa. Alikiri anaogopa, na akiwa na hofu hiyo hiyo akashika njia kuwafuata watu.

Mwili ulimwisha haraka. Watu wale wale waliosema anadanganya wakamwona akikonda mbele ya macho yao. Alikufa Kampala tarehe 15 Desemba 1989, akiwa na miaka 38. Baada yake, watu wenye virusi waliunda kundi lenye jina lake, wakawa wanazunguka shule na makanisa wakitoa ushuhuda wao kama alivyofanya.

Sasa niseme kwa nini namjua.

Mimi nilipimwa mwaka 2008. Dawa zilikuwa tayari ni za bure kwenye vituo vya serikali, tangu 2006. Nilikuwa na kile Lutaaya hakuwa nacho. Lakini nilikosa kile yeye alikuwa nacho: sikumwambia mtu. Nilitia pamba ndani ya kopo ili tembe zisilie nikitembea nalo kwa mkoba. Kisha nikaenda mkutano mmoja wa maombi, si hapa kwetu, nikaambiwa nimepona, nitupe dawa. Nikazitupa mtaroni nikiimba.

Baada ya miezi saba sikuweza kuinua mtungi wa maji. Nilikuwa nakohoa usiku, jasho linalowesha godoro. Nikajifungia. Huyo dada wa Uganda aliona mlango wangu haujafunguliwa siku tatu, akabisha hodi, hakuondoka mpaka nikafungua. Nilimwambia kila kitu. Hakushtuka. Alikaa kitandani kwangu akaniambia habari za Lutaaya, na vile akiwa msichana watu wa lile kundi walikuja shuleni kwao. Asubuhi alinishika mkono tukaenda kliniki. Kumbe nilikuwa na TB. Nilitibiwa, nikarudi kwa dawa zangu, na leo kiwango cha virusi kiko chini mpaka kipimo hakivioni.

Msinielewe vibaya. Mi naamini Mungu anaponya, na sitaacha kuombewa. Lakini wale wakoma, Bwana aliwatuma waende wakajionyeshe kwa makuhani, ndio waliokuwa wakikagua ugonjwa siku hizo. Basi na mimi naenda kujionyesha kliniki. Kama Mungu amefanya jambo, kipimo hakitamwaibisha. Na kumeza tembe kila usiku saa tatu si kukosa imani. Mimi huinua glasi ya maji, nashukuru, nameza.

Katika hadithi ya Lutaaya, jambo linalonifundisha zaidi ni kwamba hakusubiri apone ndipo arudi kwa watu. Alirudi akiwa mgonjwa. Sisi tunapenda ushuhuda ukiwa umekamilika, wa aliyekuwa mgonjwa na sasa ni mzima. Lakini mwenye kisukari, mwenye presha, mwenye seli mundu, mwenye virusi kama mimi, ushuhuda wetu ni wa kila siku. Tukingoja mwisho wake tutanyamaza maisha yote.

Kwa hivyo, wewe unayetia pamba kwenye kopo, sikuambii usimame madhabahuni Jumapili. Mwambie mtu mmoja. Tafuta mmoja wa ushirika wa nyumbani unayemwamini, umwambie wiki hii.

Na wewe mzima, ukiona mlango wa jirani haujafunguliwa siku tatu, bisha hodi. Usiondoke haraka.