Johann Sebastian Bach: Fidla ya Mfiwa

Jumapili ya leo nakuomba ufuatane nami hadi Ujerumani ya miaka mia tatu iliyopita, katika mji mdogo wa Köthen, mlangoni pa mtu anayerudi kutoka safari.

Mtu huyo ni Johann Sebastian Bach. Huenda unamjua kama mpiga kinanda wa kanisani, nawe hujakosea. Lakini fidla aliikuta nyumbani kwao. Baba yake alikuwa mwanamuziki wa mji wa Eisenach na mpiga fidla. Bach alizaliwa mwaka 1685. Akiwa na miaka tisa mama yake akafariki, na kabla mwaka haujatimia baba naye akafuata. Kaka yake mkubwa, aliyekuwa mpiga kinanda mjini Ohrdruf, ndiye aliyemchukua yule yatima na kumlea.

Köthen alifika mwaka 1717, naye hakutoka kwa heri alikotoka. Mtawala wa Weimar, tajiri wake wa zamani, alimweka kifungoni karibu mwezi mzima kwa sababu aling'ang'ania kuacha kazi. (Waajiri wa namna hiyo hawajaisha duniani.) Bwana wake mpya, Mtawala Leopold, alipenda muziki na alipiga fidla mwenyewe. Kanisa la ikulu yake lilikuwa la mapokeo ya Calvin, lisilotaka muziki mwingi ibadani, kwa hiyo Bach, Mlutheri, akageukia zaidi vyombo kuliko kwaya.

Mwezi Mei 1720 Leopold alikwenda kwenye chemchemi za maji ya tiba huko Karlsbad, akamchukua Bach pamoja na wanamuziki wengine. Bach alimwacha mkewe, Maria Barbara, akiwa mzima. Aliporudi, akaambiwa kwamba mkewe amekufa na amekwisha kuzikwa, tarehe 7 Julai. Walikuwa wameishi pamoja karibu miaka kumi na mitatu. Watoto saba walijaliwa, watatu walikuwa wametangulia. Wanne walimngoja baba yao ndani: mkubwa, msichana, ana miaka kumi na mmoja, na mdogo kabisa ana mitano.

Msomaji wangu, kama umewahi kusafiri ukarudi na kukuta matanga yamekwisha kuanuliwa, huna haja ya maelezo yangu.

Mwaka huohuo, 1720, ndio ulioandikwa kwenye jalada la muswada wa nyimbo zake sita za fidla peke yake: sonata tatu na partita tatu. Muswada upo hadi leo, kwa mkono wake mwenyewe, mwandiko mzuri unaopinda kama mawimbi. Humo hamna neno juu ya msiba. Kuna fidla moja tu, nyuzi nne, bila kinanda wala mwenzi wa kuisindikiza, nayo inalazimishwa kuimba sauti mbili, tatu, hata nne. Partita ya pili inamalizika kwa Chaconne, robo saa nzima juu ya hatua chache za besi zinazorudi na kurudi. Katikati giza linafunguka, sauti inakuwa nyororo kama ya mtu anayesali. Kisha giza linarudi. Nadhani ndiyo maana waombolezaji wengi wameikimbilia.

Mwezi Desemba 1721 alimwoa Anna Magdalena, mwimbaji. Baadaye, huko Leipzig, alikuwa na Biblia yenye maelezo ya Calov, ambayo bado imehifadhiwa. Pembeni mwa sura ya tano ya Mambo ya Nyakati wa Pili, pale waimbaji na wapiga tarumbeta wanaposikika kama mtu mmoja na nyumba ikajaa wingu, aliandika kwamba penye muziki wa ibada Mungu yupo daima kwa neema yake. Mtu aliyefiwa na watoto kumi na mmoja katika ishirini aliowazaa ndiye aliyeandika hivyo.

Alifariki mwaka 1750. Zile nyimbo sita zilikaa zaidi ya nusu karne kabla ya kupigwa chapa, mwaka 1802. Nakala moja ya kale iliokolewa Urusi ikiwa karibu kupelekwa dukani kufungia siagi!

Ukitaka kuzisikiliza, mtafute Yehudi Menuhin, aliyezirekodi zote sita akiwa bado kijana, katika miaka ya 1930. Utasikia mikwaruzo ya santuri, uivumilie. Arthur Grumiaux, wa mwanzoni mwa miaka ya 1960, ni msafi na mtulivu zaidi, na mimi humrudia yeye. Ila usianze na Chaconne. Anza na Andante ya sonata ya pili, ambamo fidla hiyohiyo moja inaimba juu huku chini yake noti zikidunda polepole kama moyo. Ni dakika chache tu. Isikilize jioni ya leo, watoto wakishalala.