Siti binti Saad: aliitwa Mtumwa, sauti ikampa jina

Leo Bongo Fleva naiweka pembeni kidogo.

Kuna ubishi naukuta sana hapa mjini, ati taarabu ni mambo ya Waarabu wa pwani, sisi Wasukuma haituhusu. Haya, sikieni. Siti binti Saad, malkia mwenyewe wa taarabu, baba yake alikuwa Mnyamwezi na mama yake Mzigua. Mnyamwezi! Ndugu zetu kabisa hao, hata lugha tunasikilizana. Walifikaje Unguja? Kwa utumwa, jamani.

Alizaliwa mwaka 1880 hivi, kijiji cha Fumba. Jina alilopewa ni Mtumwa. Hebu fikiria, kila ukiitwa uje kula au utumwe dukani, unakumbushwa wewe ni mali ya mtu. Utumwa Unguja ulifutwa kisheria mwaka 1897, yeye akiwa binti wa miaka 17 hivi, ila sheria haifuti jina mdomoni mwa watu wala mawazo kichwani mwa mwenye jina.

Shule hakusoma. Mama yake alikuwa mfinyanzi, na binti akazungusha vyungu vijijini akinadi kwa sauti. Husimuliwa kwamba sauti ile ilitangulia, watu wanaisikia kabla hawajamwona. Mwaka 1911 akahamia mjini, upande wa Ng'ambo walikoishi maskini na waliotoka utumwani. Huko akafundishwa kuimba na Ali Muhsin, halafu akawa na wenzake kama Subeti bin Ambari, Buda bin Swedi na Mbaruk Talsam wa Mombasa. Taarabu ya ikulu wakati ule ilikuwa ya Kiarabu. Yeye akaileta kwa Kiswahili, na watu wakaanza kumwita Siti, yaani bibi wa heshima.

Sasa wapinzani hawakulala. Walimtungia wimbo wa kumkumbusha katoka shamba na kaniki zake, wakimtilia shaka kama naye ni mtu kweli. Wakamsema na sura pia. Sisi wa huku tunaoujua mchezo wa Bagalu na Bagika baada ya mavuno tunaelewa, manju akikuchana mbele ya umati huendi polisi, unatunga. Siti naye akajibu kwa wimbo, kwamba sura si kitu, akili ndiyo inayohesabika. Kwangu mimi hapo ndipo jina la Mtumwa lilipokufa kweli, siyo 1897.

Mwaka 1928 akaenda Bombay, India, kurekodi santuri. Alikuwa miongoni mwa waimbaji wa kwanza kabisa wa Afrika Mashariki kurekodiwa kwa Kiswahili. Umeshajirekodi kwenye simu ukashtuka, ati mbona sauti siyo yangu? Sababu ni kwamba ukiongea unajisikia kupitia hewa na kupitia mifupa ya kichwa chako pia, ila kwenye rekodi unapata ya hewa tu. Unajisikia kama wengine wanavyokusikia. Naona santuri zile ziliwafanyia hivyo watu wa Ng'ambo wote kwa pamoja. Gramafoni ilikuwa inaongea Kiarabu, Kihindi na Kizungu, mara inaongea lugha ya muuza vyungu, tena pale mkahawani mbele ya kila mtu. Lazima kuna mzee alinyamaza na kahawa yake ikapoa.

Na hakuimba mapenzi tu. Wimbo wa Kijiti unahusu mwanamke mgeni kutoka Dar es Salaam aliyeuawa Unguja. Mshukiwa akatorokea bara, wanawake waliokwenda kutoa ushahidi ndio wakaadhibiwa. Mtu aliyetoka mahakamani akijiona ndiye mwenye kosa, jioni anausikia mtaa mzima unaimba kwamba aliyekosea ni hakimu. Yaani hapo kichwa kinatulia bila dawa.

Siti alifariki mwaka 1950. Shaaban Robert akaandika wasifu wake, kitabu ambacho wengi tumekisikia jina tu, kitafuteni bana. Bi Kidude, aliyefariki 2013, alijifunza kwa kumsikiliza yeye. Chama cha wanahabari wanawake, TAMWA, nacho kikaliita gazeti lake Sauti ya Siti.

Haya, uwanja wenu. Nani ana babu au bibi huku kwetu aliyewahi kumsikia kwenye gramafoni au redio? Muulizeni alijisikiaje siku ile, halafu mtuandikie hapo chini. Matusi nitafuta.