Horace Mann

Horace Mann (Franklin, Massachusetts, 4 Mei 1796 – Yellow Springs, Ohio, 2 Agosti 1859) alikuwa mwanasheria, mwanasiasa na mwanamageuzi wa elimu nchini Marekani. Anakumbukwa hasa kama katibu wa kwanza wa Bodi ya Elimu ya jimbo la Massachusetts, kuanzia mwaka 1837 hadi 1848.

Maisha ya awali

Mann alizaliwa katika familia ya wakulima wenye kipato kidogo. Baba yake alifariki mwaka 1809. Utotoni alihudhuria shule majuma machache tu kila mwaka; mengi alijisomea katika maktaba ya mji wake, ambayo vitabu vyake vya kwanza vilitolewa na Benjamin Franklin. Alihitimu Chuo Kikuu cha Brown mwaka 1819, kisha akasomea sheria. Mwaka 1827 alichaguliwa katika Baraza la Wawakilishi la jimbo, na baadaye akawa rais wa Seneti yake.

Kamati za shule na Bodi ya Elimu

Sheria ya mwaka 1826 iliutaka kila mji wa Massachusetts uchague kamati ya kusimamia shule zake. Fedha za shule zilitokana hasa na kodi ambayo wananchi waliipigia kura katika mkutano wa mji. Hivyo hali ya shule ilitegemea utayari wa wapiga kura. Wenye mali wengi waliwapeleka watoto wao shule za binafsi, wakawa hawaoni sababu ya kugharimia shule za wote. Majengo yalichakaa na walimu walilipwa mishahara midogo.

Bodi ya Elimu iliundwa mwaka 1837, lakini haikuwa na mamlaka ya kuuamuru mji wowote. Kazi yake ilikuwa kukusanya habari na kushauri. Kwa sababu hiyo Mann alizunguka jimboni akiitisha mikutano ya wanakamati, walimu na wazazi. Kuanzia mwaka 1838 kila kamati ilitakiwa kuandika ripoti ya mwaka kuhusu shule zake. Mann alichapisha majedwali yaliyopanga miji kulingana na fedha ilizotenga kwa kila mtoto, na wananchi wakaweza kuulinganisha mji wao na ule wa jirani.

Mwaka 1839 chuo cha kwanza cha ualimu cha serikali nchini Marekani kilifunguliwa Lexington, kikiwa na wanafunzi watatu siku ya kwanza.

Upinzani

Baadhi ya wanasiasa waliona kwamba Bodi ingepora madaraka ya kamati zilizochaguliwa na wananchi. Mwaka 1840 hoja ya kuifuta ilishindwa katika Baraza la Wawakilishi kwa kura 245 dhidi ya 182. Viongozi kadhaa wa dini walimlaumu kwa kukataa mafundisho ya dhehebu lolote katika shule za umma. Baada ya ziara yake Ulaya mwaka 1843, alizisifu shule za Prussia kwa kufundisha bila viboko. Walimu wakuu 31 wa Boston walimpinga hadharani.

Miaka ya mwisho

Mwaka 1848 alichaguliwa katika Bunge la Marekani kushika kiti cha marehemu John Quincy Adams, akapinga kuenezwa kwa utumwa. Kuanzia mwaka 1853 hadi kifo chake aliongoza Chuo cha Antioch, Ohio, kilichopokea wanaume na wanawake.

Urithi

Mwaka 1852 Massachusetts ikawa jimbo la kwanza la Marekani kupitisha sheria ya kuwalazimisha watoto kuhudhuria shule. Domingo Faustino Sarmiento, aliyemtembelea mwaka 1847, alieneza mawazo yake Amerika Kusini na baadaye akawa rais wa Argentina. Katika Massachusetts yenyewe, kamati za shule zinazochaguliwa na wananchi ziliendelea kuwepo pamoja na bodi ya jimbo.