Rachel Carson, Mwanamke Aliyetueleza Habari za Bahari

Rachel Carson alizaliwa tarehe 27 Mei, 1907, Springdale, mji mdogo wa Pennsylvania, Marekani, ulio mbali na bahari. Mama yake alimfundisha tangu utotoni kuwatazama ndege na wadudu. Alipenda pia kuandika, na alipokuwa na miaka 11 hadithi yake ilipigwa chapa katika gazeti la watoto.

Wazazi wake hawakuwa na mali. Ili apate karo ya chuo, mama yake alifundisha piano na kuuza vitu vya nyumbani. Rachel aliingia chuoni kwa nia ya kuwa mwandishi, kisha akageukia elimu ya viumbe, akidhani ameiaga kalamu. Mwaka 1929 alikwenda Woods Hole kujifunza habari za viumbe wa baharini, na hapo ndipo alipoiona bahari kwa mara ya kwanza. Mwaka 1932 alipata shahada ya pili katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins.

Baba yake alifariki mwaka 1935, na mzigo wa nyumba ukamwangukia yeye. Mwaka huo idara ya samaki ya serikali ilimpa kazi ya kuandika mazungumzo 52 ya redio juu ya viumbe wa baharini. Kumbe kalamu haikumwacha! Mambo ya wataalamu aliyaeleza kwa lugha ambayo mtu yeyote aliweza kuifuata. Mwaka uliofuata akaajiriwa, mwanamke wa pili tu kupata kazi ya kitaalamu katika idara hiyo.

Mwaka 1951 alitoa kitabu juu ya bahari, nacho kikasomwa na watu wengi mno, hata mwaka 1952 akaweza kuacha kazi ya serikali na kuishi kwa kalamu yake.

Lakini jaribu kubwa lilikuwa bado. Wakati ule dawa ya DDT ilinyunyizwa kutoka katika ndege juu ya mashamba na misitu ili kuua wadudu. Rachel alikusanya ushahidi kwa miaka minne, akaonyesha kwamba sumu hiyo haiishi upesi. Huingia majini, ikaliwa na vidudu. Vidudu huliwa na samaki wadogo, nao huliwa na samaki wakubwa na ndege, na kila hatua sumu huzidi. Kitabu chake kilitoka mwaka 1962. Hakutaka dawa zote zikatazwe, ila zitumiwe kwa akili, na wananchi waambiwe ukweli.

Wenye viwanda vya dawa walikasirika, wakamdharau kwa kuwa ni mwanamke. Hawakujua kwamba alikuwa mgonjwa wa kansa. Aliificha habari hiyo, na mwezi wa Juni, 1963, akaenda mbele ya kamati ya Seneti kutoa ushahidi. Alifariki tarehe 14 Aprili, 1964, akiwa na miaka 56.

Mwaka 1972 Marekani ilikataza DDT mashambani. Tai wa nchi ile, waliokuwa karibu kwisha, walizaana tena, hata mwaka 2007 wakaondolewa katika orodha ya wanyama walio hatarini.

Basi, wanafunzi wenzangu, elimu ikibaki kwa wataalamu peke yao haiwezi kumwokoa samaki wala ndege. Sharti apatikane mtu wa kuieleza wazi, na mwenye moyo wa kustahimili yatakayomfuata.