Shaaban Robert, Karani Mwenye Mafumbo

Shaaban Robert alizaliwa Vibambani, Tanga, mwaka 1909, akawa karani wa serikali ya Mwingereza. Mshahara unatoka kwa wakubwa, nawe unataka kuwacheka. Utafanyaje? Yeye aliipeleka nchi yake hewani!

Katika Kusadikika, kilichotoka 1951, wajumbe sita wanatumwa kutafuta mambo mema ya kuigwa. Kila anayerudi anatiwa gerezani. Huku kwetu Ijara msafiri akifika huulizwa habari huku akimiminiwa chai ya maziwa. Kule ni pingu tu. Mimi nilicheka mpaka mjumbe wa tatu, kisha kicheko kikakauka.

Alifariki Juni 1962, Tanganyika ikiwa na miezi sita ya uhuru. Kufikirika kilichapishwa 1967, mwenyewe yumo kaburini, hakamatiki.